Damu Isiyo na Mwenyewe

Sehemu ya 4

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Baraka, dereva wa basi la wanafunzi jijini Dar es Salaam, yuko nje kwa dhamana. Anashtakiwa kwa kuendesha gari akiwa na kilevi kilichozidi kiwango, na kwa uendeshaji wa hatari uliomjeruhi Sele, kijana wa bodaboda, katika Barabara ya Shekilango, Sinza. Usiku huo alikuwa akitoka kwenye sendofu ya mpwa wake. Gari ni Noah ya kaka yake, Elia. Nje ya lango la mahakama kishoka mmoja amemshika mkono na kumnong'oneza: "Laki nane tu, mdogo wangu, na damu yako itakosa mwenyewe." Kabla Baraka hajajibu, simu yake ikaita. Alikuwa Elia.

SASA ENDELEA...

"Uko wapi?" Elia aliuliza bila salamu.

"Mahakamani, kaka. Shikamoo. Kesi imeahirishwa hadi Ijumaa."

"Marahaba. Kuna mtu amekufuata?"

Baraka akageuka. Kishoka alikuwa ameshasogea kwa muuza karanga, lakini macho yake yalibaki palepale, juu ya Baraka.

"Umejuaje, kaka?"

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha Elia akasema kwa sauti ya chini, "Msikilize."

"Laki nane mimi nitaitoa wapi? Na hata ningekuwa nayo, ningempelekea Sele. Yule kijana amelazwa na vyuma mguuni."

"Benki hainiulizi habari za Sele!" Elia alifoka. "Noah ile nimeikopea. Bima kubwa ninayo, lakini jana wamenipigia. Ripoti ya damu ikisimama hawanilipi hata taa moja. Unanielewa? Wewe utalipa faini yako uende nyumbani, mimi nitalipa mkopo wa chuma chakavu miaka mitatu."

Simu ikakatwa. Baraka alipoinua uso, kishoka hakuwepo tena.

*

Ofisi ya Wakili Rehema ilikuwa Magomeni, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Karani wake, Festo, kijana mtanashati mwenye heshima zote, alimkaribisha Baraka maji, kisha akaketi kwenye meza yake ya pembeni na kuendelea kuchapa.

Baraka alieleza yote, kuanzia kishoka mpaka simu ya Elia. Rehema alisikiliza huku kalamu yake ikiwa imelala juu ya jalada.

"Umempa chochote?"

"Hata mia, wakili."

"Vizuri. Akirudi, usimjibu. Na jambo la pili: usiende kumwona Sele, wala usimtume mkeo kwa mama yake. Najua unataka kuomba radhi. Lakini wale ni mashahidi wa Jamhuri. Ukiwapelekea hata chungwa, kesho utaambiwa umeingilia ushahidi, na dhamana yako inaondoka. Sele ana njia yake ya kudai fidia kwenye bima, na hilo halingoji wewe utiwe hatiani."

Baraka alikuna kichwa. Kuna swali lililokuwa likimla tangu siku aliyosomewa mashtaka na kujibu, "Si kweli."

"Wakili, mimi nilikunywa. Bia nne. Ya mwisho niliimaliza nimesimama, wenzangu wanapiga honi nje. Sasa hapa tunatetea nini?"

Rehema hakukasirika. Alilifungua jalada na kuligeuza ili mteja wake aone.

"Soma hati. Haikushtaki kwa kunywa. Inasema kilevi kwenye damu yako kilizidi miligramu 80 kwa kila mililita 100. Ripoti ya Mkemia Mkuu inasema 112. Inasema ni damu yako, ilichukuliwa usiku ule saa nane, ikafungwa lakiri, ikapelekwa, ikapimwa. Kila neno hapo ni mzigo wa Jamhuri. Kila mkono uliopokea kile kichupa lazima ujulikane, kuanzia muuguzi, askari, mtunza stoo, mpaka maabara. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, mahakama haiwezi kusema kwa uhakika kwamba damu iliyopimwa ni yako. Na ripoti ikipokelewa kuwa kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani, usikie unachoshtakiwa nacho. Isiposomwa, inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu."

"Na zile saa mbili kabla hawajanitoa damu? Haziwezi kunisaidia?"

"Hizo ni panga la makali mawili. Mwili huunguza kilevi polepole, wastani wa miligramu 15 hivi kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Jamhuri itasema kama saa nane ulikuwa na 112, basi saa sita ulipogonga ulikuwa na zaidi. Mimi nitasema bia ya mwisho ilikuwa bado tumboni, haijafika yote kwenye damu, kwa hiyo huenda kiwango kilikuwa kinapanda. Mtaalamu atatuambia lipi lina nguvu. Lakini nisikilize vizuri, Baraka." Alilifunga jalada. "Hata damu ikitoka kwenye kesi, kosa la pili linabaki. Kuna ramani ya tukio, kuna ripoti ya mkaguzi wa magari, kuna PF3 ya Sele. Mguu uliovunjika hauhitaji maabara. Na mimi sitakuruhusu useme uongo kizimbani."

"Kwa hiyo kazi yangu ndiyo basi?"

Hilo Rehema hakulijibu haraka. Shule ilikuwa imeshamsimamisha. Wazazi waliokuwa wakimwita "anko Baraka" na kumkabidhi watoto alfajiri walikuwa wamemtoa kwenye kundi lao la simu usiku mmoja, bila neno. Mahakama ilikuwa na uwezo wa kumtoza faini, kumfunga, na juu yake kumfungia leseni. Kwa mtu ambaye hajui kazi nyingine ila usukani, hiyo ya tatu ndiyo iliyomnyima usingizi.

"Kazi yako tutaipigania kwa njia ya haki," alisema hatimaye. "Nikimbana shahidi kwa maswali, simtetei Baraka peke yake. Namtetea na yule atakayesimama hapo wiki ijayo akiwa hajagusa hata tone. Serikali ikizoea kufunga watu kwa damu isiyojulikana ilikotoka, hakuna dereva aliye salama nchi hii." Akamgeukia karani. "Festo, Jumatano peleka barua yangu kituoni. Tunaomba kuona vielelezo kabla ya Ijumaa."

"Sawa, bosi," Festo alijibu bila kuinua uso.

*

Jumatano jioni Festo alipanda ngazi mbilimbili.

"Bosi! Namba haziendani!"

Aliweka simu mezani. Picha mbili. Kwenye rejesta ya vielelezo damu ya Baraka iliandikwa namba 21. Kwenye lebo ya kichupa ilisomeka 27.

Rehema alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Miaka yote ya uwakili ilikuwa imemfundisha kuiogopa bahati inayokuja mbio. Lakini askari wanachoka, usiku wanaandika gizani, makosa ya namba hutokea. Aliinua simu akampigia Baraka.

"Ijumaa vaa shati jeupe," alimwambia. "Tuna la kuuliza."

*

Chumba cha mahakama kilijaa mapema. Mbele upande wa kushoto aliketi mama yake Sele, amejifunga khanga mbili, mikono mapajani. Elia aliingia, akamwinamia mdogo wake kizimbani.

"Tulia. Leo tunakula mchana nyumbani."

Baraka alihisi jasho likimshuka mgongoni. Kaka yake alijuaje?

Shahidi wa pili wa Jamhuri alikuwa koplo wa trafiki, mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. Alieleza alivyofika Shekilango, alivyomkuta Baraka amekaa ukingoni mwa barabara akimlilia kijana aliyelala, alivyompeleka hospitali na kushuhudia akitolewa damu. Bahasha ikafunguliwa, kichupa kikatolewa. Wakili wa Serikali akamaliza, akaketi.

Rehema alisimama kwa maswali ya dodoso. Aliomba kukiona kichupa kwanza, na karani wa mahakama akamkabidhi.

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka.

Kwenye picha ya Festo hakuwa ameliona hili. Jina lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi. Tarakimu ya 2 ilikuwa nyeusi. Mstari uliosimama ulikuwa mweusi. Ila kile kichwa kilichoigeuza 1 kuwa 7 kilikuwa cha bluu.

Alisimama kimya na kichupa mkononi. Njia zilikuwa mbili tu. Angeweza kumuuliza koplo kama namba ya lebo na ya rejesta ni moja. Koplo angesema hapana. Yeye angeketi, mnyororo ungekatika, na kosa la kwanza lingekufa pale pale. Hakuna ambaye angeuliza rangi ya wino.

Kutoka kizimbani Baraka alimtazama kwa macho ya mtu anayezama.

"Wakili?" hakimu aliita. "Tunakusubiri."

Rehema alivuta pumzi. Kuiomba mahakama ipime ushahidi wa Jamhuri ni haki ya mteja wake. Kuiomba iamini ushahidi uliochezewa si haki ya mtu yeyote.

"Shahidi," alisema, "soma namba uliyoiandika wewe."

Koplo alikipokea kichupa, akakisogeza karibu na dirisha. Alikunja uso.

"Mimi niliandika 21, Mheshimiwa. Hii imeongezwa. Hata kalamu si yangu."

Minong'ono ilizagaa chumbani. Hakimu aligonga meza.

"Nyamazeni! Askari, funga mlango. Hakuna anayetoka." Akamgeukia shahidi. "Tangu kirudi kutoka maabara, nani amekigusa?"

"Mheshimiwa, kilikuwa stoo chini ya funguo. Kilitolewa mara moja tu, Jumatano, mtu alipokuja na barua. Nilikuwepo. Niliitwa kwenye simu, nikamwacha na mtunza stoo dakika chache."

"Mtu huyo unaweza kumtambua?"

"Naweza. Yumo humu ndani."

Damu ilimkauka Baraka. Alimtazama kaka yake, na Elia alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vikitetemeka juu ya magoti. Koplo aliinua mkono. Kidole chake kilipita juu ya mama Sele. Kikafika kwa Elia, na Baraka akafumba macho.

Alipoyafumbua, kidole kilikuwa kimempita Elia. Kilikuwa kimesimama mbele, kwenye meza ya mawakili, kwa kijana mtanashati aliyekumbatia mkoba wa Wakili Rehema.

"Ni huyu, Mheshimiwa."

Mkoba ulimponyoka Festo, ukaanguka. Kalamu mbili zikabiringika sakafuni, moja nyeusi, moja ya bluu.

Hakimu alivua miwani yake, akamkazia macho Rehema.

"Wakili, barua aliyokwenda nayo kituoni ina sahihi ya nani?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO