Wakili wa Busokelo na Sanduku la Kura

Ukitoka Tukuyu kuelekea mashariki unapita migomba na mashamba ya chai hadi Busokelo, jimbo lenye halmashauri yake pale Lwangwa, ingawa bado liko ndani ya Wilaya ya Rungwe. Wakili Boniface Anyisile Mwabukusi aligombea ubunge hapo mwaka 2020. Baada ya kura za Oktoba 28, aliyetangazwa mshindi ni Atupele Fredy Mwakibete wa CCM. Mwabukusi akaenda mahakamani.

Kesi ya uchaguzi ni ya haraka na ya gharama. Sheria ilimpa mlalamikaji siku 30 tu, na ilimtaka aweke dhamana ya gharama kwa ajili ya wale anaowalalamikia. Huko nyuma sharti lilikuwa kali zaidi: shilingi milioni 5 kabla kesi haijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Julius Ndyanabo alilipinga, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ikalifuta kwa kuwa lilivunja Katiba. Ni hukumu inayostahili kufundishwa shuleni, maana haki ya kura ni pungufu kama mnyonge hawezi kuhoji matokeo. Shauri la Busokelo nalo lilifika Mahakama ya Rufani, likasajiliwa kama rufaa ya madai namba 46 ya mwaka 2021. Mwakibete alibaki bungeni.

Mwaka 2023 Mwabukusi aliwatetea wananchi wanne waliopinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai katika Mahakama Kuu, Mbeya. Hoja zao ziliegemea Katiba, hasa mamlaka ya wananchi juu ya mali yao. Agosti 10 majaji watatu waliitupa kesi. Siku chache baadaye alikamatwa, kisha akaachiwa kwa dhamana.

Mwaka uliofuata aligombea urais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Kamati ya rufaa ya uchaguzi huo ilimwengua kwa hoja ya maadili. Mahakama Kuu, mwishoni mwa Julai 2024, ikalirudisha jina lake kwenye karatasi ya kura. Agosti 2, jijini Dodoma, mawakili 1,274 walimpigia kura. Aliyemfuata, Sweetbert Nkuba, alipata 807.