Mtoto Huyu Ni wa Nani? Wageni na Watoto wa Kisangani Tangu 1897

Kijana wa Ulaya anapofika kwetu kutumikia watoto maskini kwa mwezi mmoja au miwili, wengi tunadhani kwamba ni desturi mpya. Si mpya hata kidogo. Misioni ya Kikatoliki hapa Boyoma ilianza na wageni, na kazi yao haikuwa mbali na watoto. Inafaa tujue ilivyokwenda, mema na mabaya pamoja.

Siku ya Noeli ya mwaka 1897, Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alianzisha misioni ya Saint-Gabriel, kando ya mto, chini ya maporomoko. Mbele ya hapo alikuwa Ecuador, na serikali ya kule ilimfukuza pamoja na wenzake. Hapa hakufukuzwa. Mwaka 1908 alipata uaskofu, na mwaka 1942 alikufa palepale Saint-Gabriel. Aliyekuja kama mgeni amezikwa kama mzee wa nyumba.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na kidonda. Tangu 1887 hata 1890 Tippu Tip alikuwa gavana wa Falls kwa jina la mfalme Leopold II. Watu wa vijiji waliwaita wakamataji wa watumwa Batambatamba. Vita vya 1892 hata 1894 vilivunja nguvu zao, lakini kuvunja nguvu za mkamataji si kumrudisha mtoto kwa mama yake. Mtoto aliyechukuliwa akiwa mdogo hakujua tena njia; pengine kijiji chenyewe kilikuwa kimeungua.

Tunaye mfano mmoja, naye ni wa ndugu zetu Waprotestanti. Disasi Makulo alikamatwa na Batambatamba angali mtoto. Mwaka 1883 Stanley alimnunua toka mikononi mwao, akapelekwa mbali na mto ukamshusha. Baadaye akawa mkononi mwa Grenfell wa misioni ya Wabatisti. Akajifunza kusoma, akabatizwa, na mwaka 1902 akaanzisha misioni ya Yalemba, kwa watu wa kwao. Twaangalia neno hili la mwisho: alirudi kwa watu wa kwao. Wangapi hawakurudi!

Na hapa Bulamatari alitia mkono. Amri ya tarehe 12 Julai 1890 iliweka chini ya ulinzi wa Serikali watoto waliotolewa utumwani, mayatima, na waliotupwa. Amri nyingine, ya mwaka 1892, iliruhusu misioni kuwapokea hao. Ukiisoma haraka, ni amri ya huruma. Lakini ni nani aliyeamua kwamba mtoto fulani ni yatima? Kwa Mzungu wa wakati ule, mtoto asiye na baba na mama alikuwa yatima. Kwa wazee wetu, mtoto aliyefiwa na baba angali ana baba: ndugu za baba yake wapo. Tena ana wajomba na bibi. Yatima wa karatasi hakuwa yatima wa kijiji.

Kosa hili halikufichika muda mrefu. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na mfalme ilitoa taarifa yake mwaka 1905, ikaandika juu ya misioni za Kwango kwamba wengi wa watoto waliowekwa katika mashamba ya misioni hawakuwa mayatima: waliombwa kwa machifu, na chifu hakuthubutu kukataa. Mapadri walijitetea kwa nguvu. Sisi hatusemi kwamba wamisionari walivuka bahari ili kuiba watoto. Homa iliua wengi wao wangali vijana, na mwizi hafi kwa ajili ya alichoiba. Twasema tu kwamba moyo mwema haukuuliza swali la kutosha.

Swali lile liliachwa tena kwa watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama wa Kongo. Serikali iliwaondoa kwa mama zao, ikawaweka katika nyumba za misioni, kama kule Katende, Kasai. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017, na waziri mkuu Charles Michel mwaka 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels iliamua, katika shauri la wanawake watano, kwamba ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Leo mtoto wa njia hapa Kisangani mara nyingi ana wazazi, au shangazi, au babu. Amefukuzwa kwa sababu ya njaa, au ya mama wa kambo, au walisema ni ndoki, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Kijana mgeni atamfundisha kuimba na kucheza mpira, na mtoto atafurahi. Kisha ndege inaondoka. Lakini kwenda mara tano, mara kumi, kuketi na yule shangazi mpaka afungue mlango, hiyo yahitaji lugha ya nyumba na muda mrefu. Kazi hiyo ni ya katekista wa mtaa, si ya mgeni. Mgeni aweza kumlipia nauli ya pikipiki.

Wale waliotolewa Katende ni wazee sasa. Kule Ubelgiji, katika nyaraka za Serikali, watu wa namna yao wangali wanatafuta karatasi zenye jina la mama.