SEHEMU YA 4: Mtoto wa tumbo lisilopona, akikua anakuwa nani?

 

Sehemu iliyopita tuliongelea magonjwa mawili sugu ya utumbo: ugonjwa wa Crohn na vidonda vya utumbo mpana. Yaani kinga ya mwili inaushambulia utumbo wa mwenyewe, unavimba na kutoka vidonda. Mtoto anaharisha wiki hadi wiki, wakati mwingine na damu, anakonda, harefuki. Baada ya pale mama mmoja akaniuliza swali moja tu: "Sista, huyu wangu ataoa kweli?" Leo namjibu. Ila ili jibu lieleweke, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1932, hospitali ya Mount Sinai, New York. Madaktari watatu, Crohn, Ginzburg na Oppenheimer, waliandika habari za wagonjwa 14 ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulivimba hadi njia ikawa nyembamba. Wengi walikuwa vijana. Jina la Crohn lilitangulia kwa sababu ya alfabeti tu, basi likabaki. Tiba kubwa wakati huo ilikuwa kisu.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Chanzo hakikujulikana, na kisipojulikana chanzo hutafutwa wa kulaumiwa. Kufikia miaka ya 1950 wataalamu wakubwa, akiwemo Franz Alexander wa Chicago, waliweka vidonda vya utumbo mpana kwenye orodha ya magonjwa yanayotokana na mambo ya moyoni. Wengine wakamnyooshea kidole mama: mama mkali, mama anayembana mtoto. Fikiria umekesha na mtoto anayetoa damu, halafu daktari anakuangalia wewe kama ndiye ugonjwa.

Na sisi tusiwacheke. Mtoto akikonda huku kwetu si tunasema amebemendwa? Si tunasema amerogwa? Lawama ni ileile. Na mama mwenye aibu humficha mtoto, akachelewa kufika hospitali.

Jamani, chanzo hakikuwa mama. Mwaka 2001 watafiti walitambua jini iitwayo NOD2 inayoongeza uwezekano wa kupata Crohn. Hata hivyo wengi wenye mabadiliko ya jini hiyo hawaugui kabisa. Ni mchanganyiko wa kurithi, kinga, vijidudu vya tumboni na mazingira. Hukumlea vibaya.

Sasa kilichobadilisha maisha ya watoto hawa ni nini?

Kwanza dawa. Miaka ya 1940 daktari wa Sweden, mama Nanna Svartz, alileta salfasalazini. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walionyesha kwamba kotisoni inawatuliza wenye vidonda vya utumbo mpana waliozidiwa. Ila kwa watoto kotisoni ya muda mrefu ina gharama: inadumaza urefu. Ndiyo maana leo mtoto mwenye Crohn mara nyingi huanzishiwa lishe maalumu ya maji pekee, wiki 6 hadi 8, bila chakula kingine. Utumbo unapumzika, na mtoto anaendelea kukua. Mwaka 1998 ikaja infliksimabu Marekani, na watoto wenye Crohn wakaruhusiwa kuitumia huko mwaka 2006.

Pili, mfuko. Wengine hutolewa utumbo mpana, choo kikatokea tumboni na kuingia kwenye mfuko. Mwanamke mmoja wa Ohio, Norma Gill, alifanyiwa hivyo mwaka 1954. Hakuwa nesi. Lakini mwaka 1958 daktari wake, Rupert Turnbull, alimwajiri awafundishe wagonjwa wengine kuishi na mfuko. Wauguzi wa kazi hiyo duniani leo wanafuata njia yake.

Haya, mama, jibu lako. Sweden na Denmark wana kumbukumbu za kila raia, kwa hiyo watoto hawa wamefuatiliwa hadi utu uzima. Wengi wanasoma, wanaajiriwa, wanaanzisha familia. Mwogeleaji wa Marekani Kathleen Baker aligundulika na Crohn akiwa binti mdogo. Mwaka 2016 alirudi kutoka Olimpiki ya Rio na dhahabu moja na fedha moja.

Lakini sitakudanganya. Wapo wanaokosa sana shule au kazi wakati ugonjwa umeamka. Wapo wanaopasuliwa zaidi ya mara moja. Huzuni na wasiwasi huwapata zaidi kuliko wenzao. Saratani ya utumbo mpana nayo huongezeka kadiri miaka ya ugonjwa inavyopita, ndiyo sababu wanapimwa kwa kamera mara kwa mara. Na binti akitaka mimba, ugonjwa uwe umetulia kwanza na daktari azipitie dawa, maana methotreksati haitakiwi kabisa.

Kazi yako wewe ni hizi tatu:

1. Pima urefu na uzito, uandike. Mtoto aliyeacha kurefuka, au aliyechelewa kubalehe huku tumbo linasumbua, apelekwe hospitali. Kwetu wataanza na amiba, minyoo na TB ya utumbo, na ni sawa kabisa. Ila dawa zikiisha na tumbo halijapona, omba rufaa. Usirudie dozi ileile mara ya nne.

2. Akifika miaka 12 au 13, mwache aongee na daktari mwenyewe. Ajue ugonjwa wake na majina ya dawa zake. Wengi huacha dawa pale wanapohama kliniki ya watoto kwenda ya wakubwa, mama akiwa hayupo kuwakumbusha.

3. Asivute sigara. Crohn na sigara havipatani kabisa.

Kwa hiyo ndiyo mama, ataoa akitaka. Ila mfundishe mapema kujitunza, maana huyo mkwe hatakuja kumkumbusha vidonge 😄

Sehemu ya 5 nitaongelea shule: umwambie nini mwalimu, na ruhusa ya kwenda chooni. Kama kuna mama unayemjua analaumiwa kwa tumbo la mwanae, mtumie asome.