Chimbuko la lugha: Swali lililopigwa marufuku Paris

Kila mwaka, katika darasa la utangulizi wa isimu, hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: “Prof, lugha ya kwanza ilianzaje?”

Swali ni kongwe. Mgiriki Herodotus anasimulia kuwa Farao Psammetichus alimkabidhi mchungaji watoto wawili wachanga, akaagiza wasisemeshwe neno lolote. Baada ya miaka 2 watoto wakatamka “bekos”, neno ambalo kwa Wafrigia lilimaanisha mkate. Basi ikaamuliwa kuwa Kifrigia ni kikongwe kuliko lugha ya Misri! Lakini watoto hao walilelewa kwa maziwa ya mbuzi. Huenda walikuwa wakimwiga mbuzi tu.

Nadharia ya uigaji wa milio ilivuma tena karne ya 19, ingawa Max Müller aliikejeli mwaka wa 1861 kwa kuibandika jina la mlio wa mbwa. Hebu tuipime kwa Kiswahili. Tunayo pikipiki na tingatinga, lakini mitambo hiyo ililetwa juzi! Maneno hayo yanaonyesha jinsi lugha iliyokwisha kukomaa inavyounda msamiati, wala si jinsi lugha yenyewe ilivyozaliwa.

Makisio yalizidi ushahidi, hata Chama cha Isimu cha Paris kikaandika katika kanuni zake za 1866 kwamba hakitapokea mada yoyote kuhusu asili ya lugha. Wenzangu wengi hufundisha kisa hiki kama kichekesho. Mimi sicheki sana, maana makisio ya enzi ile yalikuwa na waathiriwa, sisi tukiwemo.

Chukua Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyelieneza neno Bantu kupitia sarufi linganishi yake ya 1862. Sitamnyima haki yake: kuzitaja ngeli kwa nambari, kama wanaisimu wafanyavyo hadi leo, kulianza naye. Lakini Bleek, aliyeandika pia kuhusu asili ya lugha, aliamini kuwa sarufi huongoza fikra. Katika dibaji ya kitabu chake cha ngano za Wakhoi, kilichotoka 1864, alidai kuwa lugha inayogawa nomino kwa kike na kiume humsukuma msemaji kumpa mnyama utu. Lugha zetu za ngeli, eti, hazimsukumi. Ndiyo sababu Wabantu hawakuelekea kutunga ngano za wanyama.

Sisi hao! Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alitulaza kwa vituko vya sungura na fisi. Na mnamo 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja, zikiwemo za sungura na simba. Tena angalia sarufi yenyewe. Katika ngeli ya A-WA tunasema “mtoto anasema”, na “sungura anasema”. Kiambishi ni kile kile cha mtu.

Kwa hivyo mwanafunzi akiniuliza lugha ilianzaje, kwanza humtuma maktabani akasome dibaji ile ya 1864, kisha arudi tuzungumze.