Siri na Sitara: Serikali, Kanisa na UKIMWI katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika Kanisa letu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mwaka 2010, nikiwa mchungaji kijana katika usharika mdogo wa pwani ya Kilwa, nilisoma tangazo la ndoa moja Jumapili mbili. Jumapili ya tatu sikulisoma. Sikutoa sababu, na wazee wa kanisa waliokuwa wakijua jambo lenyewe hawakumwambia mtu. Hapakuwa na haja. Kufikia Jumatano wauza samaki walikuwa wakilizungumza, kwa maana usharika wetu ulikuwa na utaratibu uliojulikana na wote: kabla ya tangazo la tatu, wachumba walete cheti cha kupima Virusi vya UKIMWI. Tangazo likikatika katikati, kila mtu anajua kwa nini. Kilichobaki ni kukisia ni yupi kati ya wale wawili. Binti alipanda basi la Dar es Salaam kabla ya Jumapili nyingine kufika, na makisio yakaisha.

Nami nilidhani nimemtunzia siri.

Leo ninafundisha historia ya Kanisa katika chuo cha theolojia, na kila mwaka hupokea insha za wanafunzi kuhusu UKIMWI. Nyingi husema kwamba Serikali ilikuja na sheria na takwimu, Kanisa likaja na huruma. Kwa habari ya hospitali zetu, na ya akina mama waliouguza wagonjwa majumbani wakati hakuna dawa, siwezi kubisha. Lakini kwa habari ya siri ya mgonjwa, historia ya nchi hii inasema kinyume, nami ni shahidi wa upande uliokosea.

Wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kutoka Uganda. Kwetu kusini ulikuwa ugonjwa wa kusikia redioni. Hata hivyo, ilipofika 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa, Lindi ikiwemo, na kabla ya muongo ule kwisha Wizara ya Afya ilikuwa na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI. Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa kupima damu ya kuongezewa wagonjwa, kuhesabu na kuonya. Maonyo yenyewe yalikuwa ya kutisha: UKIMWI unaua, hauna dawa. Hofu ilikwenda mbio kuliko maarifa, na vijana wakaijibu kwa mzaha. Herufi za jina la Kiingereza, AIDS, wakazifanya kuwa "Acha Iniue Dogodogo Siachi".

Tusiitupie Serikali peke yake hofu ile. Mimbarani tulikuwa na neno letu, nalo ni adhabu. Mgonjwa aliambiwa na bango kwamba atakufa, kisha akaja kanisani akaambiwa kwa nini anastahili.

Kusini mwa Rufiji kulikuwa na sababu nyingine ya kuona jambo hili liko mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la kwenda Kilwa na Lindi lilivuka mto kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea safari ilikatika. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki vumbi na tope kwa miaka mingi. Kilichozuia korosho kwenda na sukari kuja kilizuia pia mwendo wa watu, na inajulikana jinsi VVU vilivyofuata njia kuu za malori kwingineko. Mzee mmoja wa Somanga aliwahi kuniambia kwamba Mungu aliwalinda kwa matope. Alicheka, ila hakuwa akitania kabisa.

Aliyejenga daraja ndiye pia aliyebadili namna Serikali inavyolitazama janga lenyewe. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alitangaza mwishoni mwa 1999 kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Kwa Sheria Namba 22 ya mwaka 2001 ikaundwa Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikawekwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, maana yake ni kwamba jambo hili si la madaktari tu. Zikafuata kamati za UKIMWI katika halmashauri, kata na vijiji, ambamo watu wa dini walipewa viti. Nami nilikaa katika kamati ya kata yetu, bega kwa bega na shehe wa msikiti wa ijumaa. Nitarudi kwake.

Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wa Tanzania Bara, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana VVU. Lindi ilikuwa chini ya wastani huo, na imeendelea kuwa chini. Katika utafiti wa 2016 na 2017 Njombe ilikuwa na asilimia 11.4, Lindi chini ya asilimia moja. Wataalamu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini mchungaji aliyekaa huku anajua jambo ambalo jedwali halionyeshi. Mahali ambapo kila nyumba imezika mtu, hakuna anayeweza kumnyooshea jirani kidole kwa muda mrefu. Mahali ambapo mgonjwa ni mmoja kati ya mia, yule mmoja anajulikana. Huitwa mtu aliyekanyaga waya, na hudhaniwa kuwa aliukanyagia Dar es Salaam au machimboni, kwa sababu ugonjwa ni wa wageni. Uchache wa wagonjwa ulitupa afya, ukatupa pia unyanyapaa mkali kuliko wa mikoa iliyoumia zaidi.

Unyanyapaa huo niliuona kwa miguu ya watu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, kwanza katika hospitali kubwa, kisha zikasogea wilayani na kwenye vituo vya afya. Kliniki zikakaribia, watu wakazikimbia. Mtu wa Kivinje, mwenye hospitali ya Kinyonga mlangoni pake, alikwenda kuchukua dawa Lindi mjini. Wa Lindi alikwenda Nyangao kwa Wabenedikto. Nauli ilikula fedha ya chakula. Msimu wa ufuta na korosho ukiwa mbaya, dozi ilikatika, na wavuvi walioko madagoni walikosa tarehe zao bahari ikichafuka. Serikali ilikuwa imeleta dawa hadi mlangoni. Sisi majirani tulikuwa tumekaa kizingitini tukitazama nani anaingia.

Ndiyo maana nakumbuka vema tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete alipopima mbele ya watu Dar es Salaam pamoja na mkewe, Mama Salma, ambaye ni mwenyeji wa Lindi. Huku kwetu hilo la pili ndilo lililozungumzwa. Binti wa hapa amepima, tena ameonekana. Watu walijitokeza kupima kwa wingi, na mimi nilisimama kanisani nikawahimiza. Kutoka kuhimiza hadi kulazimisha kulikuwa na hatua moja tu, nasi tukaivuka bila kugundua. Nia yetu ilikuwa njema. Tulitaka kuwalinda mabinti wasiolewe na wagonjwa. Kwamba binti mwenyewe anaweza kuwa ndiye mgonjwa, na kwamba naye ni wa kulindwa, hatukuliwaza.

Wakati huo Bunge lilikuwa limekwisha kutunga Sheria ya UKIMWI ya Kuzuia na Kudhibiti, Namba 28 ya mwaka 2008. Nilikuja kuisoma baada ya binti yule kuondoka. Aliniletea muuguzi mmoja, nakala iliyokunjika pembe, akaiweka juu ya meza ile ile vilipokaa vile vyeti viwili. "Baba Mchungaji," alisema, "soma mwenyewe, mimi naogopa kukufundisha." Sheria inakataza kumlazimisha mtu kupima, isipokuwa katika mambo machache kama amri ya mahakama. Inasema majibu ni siri na ni ya aliyepimwa. Inakataza ubaguzi na unyanyapaa. Wala haimwachi mgonjwa afiche tu: inamtaka anayejua hali yake amweleze mwenzi wake, na inamtia hatiani anayeambukiza kwa makusudi. Nilitafuta mahali ambapo mchungaji na wazee wanne wametajwa kuwa wana haki ya kuona karatasi. Hawamo.

Nilimpelekea shehe jambo hili, tukiwa tumebaki wawili baada ya kikao cha kamati. Nilimwamkia, nikamweleza yote, hata jina la binti nikaanza kulitaja. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mwanangu, usinitajie. Sisi watu wa pwani tunaomba sitara kila siku, kisha tunamvua mwenzetu nguo." Akanieleza kwamba kuficha na kusitiri ni vitu viwili. Anayeficha anajikinga mwenyewe. Anayesitiri anamfunika mwingine. Kanga hukatwa doti moja, alisema, ili mbili zitoshe kumfunika mtu mzima.

Neno lile lilinirudisha kwenye Maandiko niliyodhani ninayajua. Shemu na Yafethi walimwendea baba yao kinyumenyume wakiwa na nguo, ili wasimwone. Yusufu alipopata habari za Mariamu, Mathayo anamwita mwenye haki kwa sababu hakutaka kumwaibisha hadharani, hata kabla malaika hajamweleza lolote. Yaani haki yake ilionekana wakati bado anaamini kwamba ametendwa vibaya. Nimehubiri juu ya Yusufu kila Majilio tangu nibarikiwe kuwa mchungaji, wala sikuwahi kuona kwamba alikuwa na tangazo la ndoa mkononi.

Sisi Walutheri tuna na urithi wetu. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena. Luther alibaki na wagonjwa. Katika waraka wake kwa Johann Hess wa Breslau aliwaambia wachungaji na watawala kwamba si halali yao kukimbia, akawahimiza watu watumie dawa, na akawakemea vikali wale wenye ugonjwa wanaouficha na kujichanganya na wengine. Ukiisoma sheria yetu ya 2008 kando ya waraka ule, utaona vinasikilizana kuliko tunavyodhani. Mtawala naye ni mtumishi wa Mungu, na safari hii alikuwa amefanya kazi iliyokuwa yetu.

Sisemi kwamba Serikali ilikuwa imara siku zote. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Ilisemekana kinaponya hata UKIMWI. Serikali kwanza ilisita, kisha ikageuka kupanga magari na foleni, na baadhi ya wakubwa wakanywa. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao. Waumini wangu waliponiuliza niliwajibu kwamba mambo ya imani ni ya mtu na Mungu wake. Lilikuwa jibu la woga. Siku ya vyeti nilisema nisipopaswa. Siku ya kikombe nilinyamaza nilipopaswa kusema, mezeni dawa zenu.

Mengine yaliyofuata yamekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Tangu 2013 mama mjamzito mwenye VVU huanzishiwa dawa za maisha yote mara moja, na tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanza dawa bila kusubiri kinga yake ishuke. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili mtu aweze kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 apime bila idhini ya mzazi. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na watumishi wengi wa miradi waliokuwa wakifuatilia wagonjwa vijijini wakaambiwa wakae nyumbani. Nilipopita Kilwa mwaka huo sikuulizwa sana kuhusu Marekani. Niliulizwa kama dawa zitahamishiwa dirisha moja na wagonjwa wengine wote, na je, hapo watu hawataona?

Yule binti nilikutana naye mwaka 2019 katika stendi ya Lindi. Ndiye aliyeniita. Alikuwa na mtoto wa miaka minne, mzima, hana virusi, na mume aliyemweleza hali yake mwenyewe kabla ya posa. Nilimwomba msamaha pale pale, makondakta wakipiga kelele. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba Mchungaji, ile Jumapili ya tatu, kwani usingesoma tu?"

Mwaka jana usharika mmoja, si ule wangu wa zamani, uliniomba nipitie fomu yao ya wachumba. Kipengele cha sita kilidai cheti cha kupima, nakala ibaki ofisini. Nilikikata kwa kalamu, nikaandika pembeni namba ya sheria na mwaka, na ushauri kwamba wachumba wahimizwe kwenda kupima wawili na kuambiana wenyewe. Mwezi uliofuata waliniletea fomu mpya, imechapwa vizuri, ina nembo ya Kanisa. Cheti kilikuwa kimehamia kipengele cha nne.