Denis Burkitt, Daktari Aliyeisaka Saratani ya Watoto kwa Gari Kuukuu

Denis Parsons Burkitt (1911–1993) alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland. Jina lake limebaki kwenye saratani inayowashika zaidi watoto wa Afrika, limfoma ya Burkitt. Kwetu Pwani si jina la mbali: ugonjwa huu huonekana huku kwetu na kule Ziwa Victoria, penye joto na mbu, na ni nadra kwa watoto wa nyanda za juu.

Alizaliwa Enniskillen, akapoteza jicho la kulia akiwa na miaka 11, akahitimu udaktari Dublin mwaka 1935. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alilitumikia jeshi la Uingereza, akafika hadi Kenya. Mwaka 1946 aliajiriwa Uganda, kwanza Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa anachokiona. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Akarudi kufukua mafaili ya Mulago, na mwaka 1958 akachapisha makala yake ya kwanza.

Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook wa hospitali ya Mengo aliurekodi mapema katika karne ya 20, na aliyeonyesha kwa hadubini kwamba ni limfoma ni Gregory O'Conor. Alichofanya Burkitt ni kutambua kwamba uvimbe wa taya, figo na ovari ni ugonjwa mmoja, kisha akauliza swali ambalo wengi hawakuliuliza: unapatikana wapi, na wapi haupo?

Kwa ruzuku ya pauni 25 alituma picha na maswali kwa hospitali za bara zima. Kisha Oktoba 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, akapanda gari kuukuu aina ya Ford na kuelekea kusini hadi Afrika Kusini. Walitembea wiki 10, kilomita kama 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Mpaka wa ugonjwa ukajichora wenyewe: palipo baridi au pakavu haupo, palipo joto na mvua upo. Ramani hiyo ilikuwa karibu sawa na ya malaria.

Mapema mwaka huohuo alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vinavyoitwa Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Karibu kila mtu duniani hupata virusi hivyo. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayodhaniwa kuvifungulia njia kwa watoto wetu.

Huko Kampala, Burkitt alijaribu dawa pale kisu kiliposhindwa, na baadhi ya watoto walipona, wengine kwa dozi chache tu. Hilo liliwapa moyo madaktari duniani kwamba saratani yaweza kutibika kwa dawa. Lakini uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno ya mtoto yakilegea na taya ikavimba, mzazi akadhani ni jipu, akaenda kung'olewa jino na kusubiri, siku zilizopotea ndizo alizozihitaji.

Aliondoka Uganda katikati ya miaka ya 1960, akahamia kwenye chakula. Alisema Wazungu huugua utumbo kwa kula unga uliokobolewa, na kwamba vyakula vyenye nyuzinyuzi vya Waafrika vinawakinga. Hapa, nadhani, alikwenda mbele ya ushahidi: alilinganisha watu waliotofautiana kwa mambo mengi, si chakula pekee, na tafiti za baadaye zimetoa majibu yasiyolingana. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kiliuzwa mno, na watu wengi nje ya hospitali humjua kwa hicho kuliko kwa limfoma.