Shule Zetu za Mlimani: Nani Alizijenga, Nani Anazilipia



Desemba iliyopita, tulipokuwa tunasafisha stoo ya marehemu baba, tulikuta kopo la maziwa ya unga limejaa stakabadhi. Nyingi ni za kahawa: tarehe, kilo, daraja, fedha. Karibu kila moja ya miaka ya themanini ina mstari mmoja wa makato ulioandikwa kwa kalamu: mchango wa shule. Mzee hakuulizwa kama ana nafasi mwezi huo. Kahawa ilipimwa chamani, mchango ukakatwa, kilichobaki ndicho alichorudi nacho nyumbani. Mimi ni mhasibu, na makato nimeyaona ya kila aina, ila haya ndiyo ya kwanza ambayo nilikaa ndani yake miaka minne. Ndiyo madarasa niliyosomea sekondari.

Kamati iliponiomba niandike historia ya shule zetu kwa ajili ya kijitabu cha harambee ya mwaka huu, nilianzia kwenye kopo hilo. Ila historia yenyewe inaanza mbali zaidi.

Shule za kusoma na kuandika zililetwa mlimani na wamisionari. Waanglikana wa CMS walifungua kituo Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 baada ya kukosana na utawala wa Wajerumani. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika Kilema. Ndiyo maana hadi leo ukitaka kujua kwa nini shule mbili za msingi zimejengwa zikitazamana, na kati yake kuna korongo tu, usiulize ramani ya kata. Uliza nani alikuwa Mlutheri na nani Mkatoliki.

Waingereza walipochukua nchi hawakuziondoa shule za misheni. Walizipa ruzuku zile zilizokidhi masharti. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ikawapa machifu hazina zao, na baadhi ya fedha hizo zikaenda kwenye elimu. Kwa hiyo shule ya zamani ilikuwa na walipaji watatu: kanisa, hazina, na mzazi mwenye karo. Mzazi wa mlimani aliiweza karo kwa sababu ya kahawa. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Bei ya kahawa ilipopanda, madawati yalijaa. Iliposhuka, wasichana ndio waliotangulia kurudishwa nyumbani, na hilo wazee wetu hawapendi kulisimulia.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1962 ubaguzi wa shule za Wazungu, Waasia na Waafrika ulifutwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, ndipo Umbwe na Weruweru zikawa shule za taifa. Watoto wa Kigoma na Lindi wakaja kusoma kwetu, wa kwetu wakapanda treni kwenda Tabora. Wazee wengine walinung'unika kuwa shule zimechukuliwa. Mimi naona nchi ilikuwa na haki ya kufanya vile. Mkoa uliowahi kupata misheni haukuwa na sababu ya kula peke yake. Hata hivyo msongamano wetu ulianzia hapo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikavunjwa, tukabaki hatuna halmashauri ya kuiambia kwamba tunataka sekondari. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ikaondolewa, mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, na kila mtoto akatakiwa kuwa shuleni ifikapo 1977. Watoto wakajaa darasa la saba. Nafasi za kidato cha kwanza zikabaki chache, tena zikigawanywa kwa mikoa. Mtoto wa kwetu aliweza kufaulu vizuri kabisa akarudi kuchunga ng'ombe wa zizini.

Wazazi hawakusubiri. Jumuiya ya Wazazi ilijenga zake, makanisa yakaanza upya, na vijiji vikajenga vyao kwa makato ya kahawa na msaragambo. Kabla ya miaka ya themanini kwisha, sekondari zisizo za serikali nchini zilikuwa zimezidi zile za serikali, na Kilimanjaro ilikuwa mstari wa mbele.

Ya kwetu nimesimuliwa na mama, aliyebeba mchanga. Kila kitongoji kilipewa siku yake. Wanaume walipasua mawe mtoni, wanawake na watoto waliyapandisha kichwani. Aliyekosa msaragambo alilipa faini, na kwenye kopo la baba kuna stakabadhi ya faini moja. Mama anasema alikuwa anaumwa, shangazi anasema alikuwa kilabuni. Waliokuwa na kazi mjini walituma mabati na saruji kwa malori ya mizigo, na kikao chao cha kila Desemba ndicho kilichozaa chama hiki mnachokisoma leo. Madarasa manne ya kwanza yalisimama kwa mawe yale. Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa stoo ya chama.

Kitu kimoja hakikuwa kwenye bajeti. Nimezipitia stakabadhi zote: mawe, mbao, misumari, mabati, posho ya fundi. Sikuona mahali palipoandikwa matengenezo. Walimu walilipwa kwa karo, karo ilipochelewa wakaondoka, na kwa muda mrefu tulifundishwa fizikia na kijana aliyemaliza kidato cha sita akisubiri kuitwa chuo. Uchovu huo ndio uliotufanya tuikabidhi shule serikalini bila ubishi mwingi. Serikali ilete walimu, sisi tumeshajenga.

Halmashauri zilikuwa zimesharudi mwaka 1984. MMEM ulipoanza mwaka 2002 karo ya msingi ilikuwa imefutwa tena, na MMES wa 2004 ukazaa shule za kata. Sekondari za serikali nchi nzima zilikuwa 1,202 mwaka 2005. Mwaka 2010 zilikuwa 3,397. Nyingi zilianza bila maabara, na watu wakazipa majina ya utani mnayoyajua. Januari 2016 ikaja elimu bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita. Katikati, mwaka 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Mawili yako kwetu, mmeyaona yana vigae.

Leo shule inasimamiwa na wengi, na ni vizuri kujua nani anashika nini kabla ya kulaumu. Wizara ya Elimu inashika sera na mitaala. TAMISEMI inashika uendeshaji, na Tume ya Utumishi wa Walimu inashughulikia nidhamu ya walimu. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye mwenye majengo, akisaidiwa na maafisa elimu wawili, wa msingi na wa sekondari, na chini yao Afisa Elimu Kata. Shuleni kuna kamati kwa msingi na bodi kwa sekondari. Paa likivuja, barua inapanda ngazi hizo zote, na fedha inashuka kwa idadi ya vichwa.

Hapo kwenye idadi ya vichwa ndipo penye tatizo letu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 huenda shuleni. Shule yenye watoto 400 inapata shilingi 2,400,000, yaani 200,000 kwa mwezi. Yenye watoto 150 inapata 900,000, yaani 75,000 kwa mwezi. Lakini paa la shule ya watoto 150 si dogo kuliko la watoto 400, maana lilijengwa kwa ajili ya watoto 400. Mlinzi ni yule yule, na choo kikijaa kinajaa vile vile. Nyumbani kwetu watoto wanapungua kila mwaka. Vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena, vijana wako Dar es Salaam na Arusha, na sisi tunaosoma kijitabu hiki tunasomesha wetu huku tuliko. Watoto wakipungua ruzuku inapungua, jengo linachakaa, wazazi wachache waliobaki wanahamisha watoto, ruzuku inapungua tena. Mwisho wake ni kuunganishwa na shule ya ng'ambo ya korongo, na mtoto wa darasa la kwanza avuke mto msimu wa masika.

Mwaka huu kamati ilipendekeza harambee ya darasa jipya la sekondari, lenye jina la chama ukutani. Nimepinga kwenye kikao, na napinga hapa kwa maandishi. Madarasa tunayo. Yale manne ya mawe yana miaka zaidi ya 35 na mabati yake hayajabadilishwa hata mara moja. Upande wa msingi hakuna chakula cha mchana tangu wazazi walipoelewa kwamba elimu bila ada maana yake hakuna kuchangia chochote, jambo ambalo waraka haukusema. Mchango wa hiari unaruhusiwa, ilimradi asirudishwe mtoto kwa sababu ya fedha.

Ninachoomba tukichangie ni kidogo na kinachosha: mabati ya madarasa manne mara moja, kisha fungu la kila mwaka la matengenezo, mahindi na maharage ya uji na makande kwa shule ya msingi, na posho ya mwalimu mmoja wa kujitolea wa fizikia na hisabati. Kila mwanachama wa mjini atoe kwa mwezi, si kwa Desemba tu, kama baba alivyokatwa kwa kila gunia. Fedha iingie kwenye akaunti ya shule, stakabadhi itolewe, na bodi na kamati zisome hesabu mbele ya mkutano wa kijiji.

Kikao cha Desemba nitakuja na makadirio yote, yenye bei za dukani Moshi, na kopo la baba nitakuja nalo pia. Wenye makopo kama hilo kwenu, naomba myalete tuyaorodheshe kabla panya hawajayamaliza.